Dirisha Halipokei Mgonjwa

"Shangazi, hiyo kompyuta ikikukatalia, inakuumiza wapi?"

Mpwa wake alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo. Shangazi alikuwa anaosha kikombe alichokwisha kukiosha mara mbili. Tangu arudi kutoka kazini alikuwa hajakaa: anatoka jikoni, anachungulia kompyuta pale sebuleni, anaguna, anarudi jikoni.

Miaka tisa alikaa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali akiandikisha wagonjwa. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu, mpaka kitengo cha kompyuta kikakubali kumjaribu kwa miezi mitatu. Ijumaa ya wiki hiyo muda ulikuwa unaisha, na akishindwa, anarudi dirishani. Mwenzake aliyebaki pale alimtania kila asubuhi kwamba kiti chake bado hakijapoa. Naye alicheka, akaharakisha kupanda ngazi.

Kilichomhangaisha kilikuwa hiki. Kompyuta za hospitali ziliombana taarifa, na mtandao ulikatika ovyo, kwa hiyo kila fanksheni, yaani kila kipande cha programu chenye kazi yake, ilibidi ikishindwa ijaribu tena. Yeye alikuwa amenakili mistari ileile ya kujaribu tena mahali kumi na nne. Mkuu wake, waliyembandika jina la Nukta kwa kuwa husema neno moja akanyamaza, alisikitika kuiona. Akamwonyesha dekoreta: fanksheni inayopokea fanksheni nyingine, ikaivisha uwezo mpya, ikairudisha imevaa. Hiyo aliishika siku moja. Ila Nukta akataka maabara ijaribiwe mara tatu na duka la dawa mara tano, idadi iandikwe palepale juu ya kila fanksheni: @rudia(3), @rudia(5).

Akaona ni jambo dogo. Akatia nafasi ya idadi pembeni ya ile ya fanksheni, akaandika @rudia(5). Kompyuta ikalalamika kwamba tano ni namba, haiitiki kama fanksheni. Alibadilisha hiki, akageuza kile, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Tano haikuitika.

Alhamisi kazini hakuweza kukaa hata dakika kumi. Akashuka ngazi bila kujua anafuata nini, akajikuta mapokezi. Pale mwanamume mmoja alikuwa ameshika kadi ya mama yake, na karani mgeni anamdai mgonjwa mwenyewe. Shangazi akaingilia kwa mazoea ya miaka.

"Dada, dirisha halipokei mgonjwa. Pokea kadi, umpe huyu kaka mhudumu wa kumfuata mgonjwa. Mhudumu ndiye atakayempokea mama."

Akayarudia maneno yake mwenyewe polepole. Karani akamuuliza kama anaumwa.

Alipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa akilisukumia dirisha mgonjwa! Namba ndiyo kadi, inayofika kwanza peke yake; fanksheni ndiyo mgonjwa. Basi fanksheni ya nje ipokee namba tu, itoe mhudumu. Mhudumu apokee fanksheni. Na ndani kabisa iwepo ile inayojaribu na kujaribu tena. Tabaka tatu, siyo mbili. Akaandika, na malalamiko yakakoma, lakini majibu ya maabara yakaja matupu. Ilimchukua hadi Ijumaa asubuhi kuona kwamba ile ya ndani kabisa ilipokea majibu ikakaa nayo kimya. Neno moja la kurudisha ndilo lililokosekana.

Nukta alikuja akachomoa waya wa mtandao kwa mkono wake. Skrini ikaandika jaribio la kwanza, la pili, la tatu. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, hakuweza kutazama. Waya ukarudishwa, jaribio la nne likaleta orodha ya dawa nzima.

"Baki," alisema Nukta, akaenda zake.

Mpwa sasa yuko sekondari, anaandika programu zake mwenyewe, na juzi alimrudia na swali lile. Shangazi alikuwa mlangoni, kompyuta kwapani, amekwisha kuzunguka nyumba mara nne.

"Miguuni, mwanangu. Kila ikinikatalia, miguu inaanza kushuka ngazi kwenda dirishani. Nilidhani wakiniajiri itaacha. Haijaacha mpaka leo, hebu nipishe nipite."