Shangazi Leonia na Punda Wake Anayedekezwa

MALKIA KARUDI NYUMBANI JAMANI, na mtani wetu Zablon mwenyewe ndo kamkabidhi shangazi kamba huku anacheka! Ngoja niwasimulie vizuri, maana naandika haraka mpaka vidole vinagongana.

Malkia ni punda. Mwenyewe ni shangazi yangu Leonia, dada yake baba, tunakaa naye hapa Cheyo, Tabora mjini. Kazi yake ni kubeba mizigo ya watu kwa mkokoteni: mahindi ya kwenda mashineni, mbao, magodoro ya wanaohama. Mtaa mzima unamjua kwa kumdekeza huyo punda, na uongo dhambi, anamdekeza. Asubuhi Malkia anapewa uji wa pumba wenye chumvi kidogo, tena uliopoa. Kwato anapakwa mafuta. Pale mkanda wa mkokoteni unapokaa, kawekewa blanketi. Na juzi juzi kafumiwa kofia ya uzi yenye matundu mawili ya masikio. Hapo kwenye kofia mimi nilikataa kabisa kuongozana nao.

Ukimcheka, shangazi anakwambia, "Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani kwa miguu. Waliorudi huku kwetu Unyanyembe ni wale waliojua kuitunza hiyo miguu."

Ila kuna kitu hasemi. Alivyomnunua Malkia, mgongo ulikuwa kidonda kitupu. Alimuuguza miezi mpaka manyoya yakaota upya.

Sasa huyu Zablon. Ni Mgogo, ana tanuri la matofali njia ya kwenda Ulyankulu. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akishika kitu chako huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Basi Jumapili tumetoka kanisani, tunamkuta huyo uani kwetu, kashika kamba ya Malkia.

"Leonia, huyu namchukua msimu wote wa matofali. Umemharibu, kawa kama bibi harusi."

"Babu zenu walitutoza ushuru kila tukipita Ugogo," shangazi akasema. "Leo umeufuata huku huku Tabora?"

"Mnyamwezi na kichwa chake kile cha kubebea mizigo, punda wa nini?"

Watu wakacheka, shangazi naye akacheka, ila niliona mkono wake umeng'ang'ania upande wa pili wa kamba. Punda wa matanurini tunawajua. Wanaenda wazima, wanarudi wamechubuka. Na kukataa hawezi, utani ni utani.

Baba ndo akaamua, kwa kuwa ni mkubwa. "Zablon, kesho beba naye mzigo mmoja wa pumba za mpunga za kuchomea matofali mpaka tanurini. Akikufanyia kazi vizuri, msimu ni wako. Akikusumbua, unamrudisha. Leonia unaweza kuwafuata, ila husemi neno wala humgusi."

Kesho yake Zablon akaja, hakuna uji, hakuna kofia, hakuna mafuta. Kamvuta kamba mara moja tu, Malkia huyoo. Anavuta gari kama halina kitu. Sisi nyuma, shangazi kang'ata khanga. Yaani nguvu zote zile kazipata kwa kutunzwa, na sasa ndo zinampeleka kwa mtu mwingine. Roho iliniuma aisee.

Tukafika kwa Bi Mwanamkuu, muuza vitumbua. Malkia kasimama.

Zablon akavuta. Akaenda nyuma akasukuma. Akarudi mbele akambembeleza. Bi Mwanamkuu wala hakuinua macho kwenye kikaango.

"Salamu kwanza, bwana."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima."

"Mama yako Dodoma, maumivu ya miguu yanamwachia?"

"Yanamwachia kidogo."

"Mvua huko mlipata?"

Zablon anajibu huku anamwangalia punda. Bi Mwanamkuu akamfungia vitumbua kwenye gazeti, akasema, "Haya, nenda salama." Ndo Malkia akaondoka.

Nikamgeukia shangazi, kajiziba mdomo, mabega yanatikisika. Miaka yote anapita njia hii, na hajawahi kupita mlango wa mtu bila kusalimia mpaka mwisho, ndivyo alivyolelewa. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba punda naye kahesabu salamu ni sehemu ya kazi.

Kwa Mzee Yahaya, fundi cherehani, wakaulizana hali mpaka ya mbuzi, na mzee akaagiza matofali ya choo. Nyumba iliyofuata mwenyewe alikuwa bado amelala. Malkia hasogei. Ikabidi Zablon apige hodi. Jamaa katoka na shuka kiunoni.

"Kuna msiba?"

"Hapana kaka. Punda anakusalimia."

Hapo nilikaa chini barabarani. Nilishindwa.

Tulifika tanurini jua la utosi, vibarua washakata tamaa wanacheza bao. Zablon jasho linamtoka, mfuko umejaa vitumbua, na anacheka mpaka anashika mbavu. Akageuza mkokoteni, akachukua kamba, akamwekea shangazi mkononi.

"Leonia, huyu si punda, ni balozi wa nyumba kumi. Tanuri langu litazimika tukiwa bado tunaulizana habari za watoto. Rudi naye. Ila mtani hatoki mikono mitupu, nipe kuku."

"Wako kule uani kwetu, kamkamate mmoja mwenyewe," shangazi akamjibu. "Na umsalimie kwanza."

Kwa hiyo mkiniuliza kama wenye punda wanadekeza kupita kiasi, nasema ndiyo, na shangazi yangu ndo anaongoza, ile kofia siitetei. Ila mguse Malkia mgongoni, kisha uwaguse punda wengine wa mtaani, ndo uje tubishane.

Kama unamjua mtu yeyote mwenye punda, mtumie hii asome.