Eksi Ibaki Eksi

Kabla ya kuiona niliisikia: mlio mmoja mwembamba nyuma ya mlango wa stoo, kisha mngurumo mdogo usiokoma. Mwalimu wetu wa hisabati alifungua. Juu ya meza, katikati ya majembe ya shamba la shule, ilikaa kompyuta aliyorudi nayo kutoka masomoni ng'ambo. Miaka ile vitu hivyo vilikuwa haviingii nchini bila kibali. Ofisa wa elimu kutoka Tanga alikuwa amemwambia aonyeshe kwanza faida yake kwa wanafunzi wa sayansi, na akishindwa, itachukuliwa.

Nilikuwa kidato cha tano, na sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka mashine ile ibaki shuleni kwetu Lushoto. Vikokotoo vilidai namba. Programu ambayo Mwalimu alikuwa akiiandikia mashine hii ilikubali alama: eksi ikabaki eksi, ikahamishwa, ikazidishwa kwa eksi mwenzake, bila kuulizwa thamani yake. Kwa msichana ambaye kila shangazi alitaka kujua ataolewa lini, huo ulikuwa uhuru.

Umeme ulikatika mno, kwa hiyo tulijifunza bila kuigusa. Tulikaa kwenye mabenchi, kila mmoja wetu akiwa kanuni moja ya programu, karatasi ya hesabu ikipita mkono hadi mkono. Mimi nilifungua mabano, jirani yangu alizidisha, wa mwisho alisoma jibu.

"Usifikiri, mwanangu," Mwalimu alisema. "Fanya ulichoandikiwa."

Tulidhani tunatii. Lakini kwetu milimani humpi mtu kabichi yenye majani mabovu. Unayabandua kwanza, ndipo unampa kwa mikono miwili. Kila karatasi iliyopita mikononi mwetu ilisafishwa njiani, vinavyofutana vikafutwa. Hakuna aliyeandika kanuni ya kusafisha, maana hakuna aliyejua kwamba anasafisha; Mwalimu aliingiza kwenye mashine zile zilizoandikwa tu.

Ofisa alipofika tulisimama, tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Haya, ndugu Mwalimu, kisanduku chako kinajua nini?"

Niliandika kwenye mashine: mabano ya eksi kujumlisha mbili, mara mabano ya eksi kutoa mbili. Kioo kikajibu: eksi mara eksi, kutoa eksi mara mbili, kujumlisha mbili mara eksi, kutoa mbili mara mbili. Kikaishia hapo.

"Hizo za katikati hazifutani?" ofisa aliuliza.

"Zinafutana, mzee," nilisema.

"Chenyewe hakijui?"

"Hakijaambiwa."

"Kumbe nacho kimesoma ng'ambo." Dereva wake akacheka. Mwalimu alitazama chini.

Nilimwomba ofisa nusu saa tu, niandike kanuni zilizosahaulika.

"Ukungu unashuka, binti. Barabara ya kushukia Mombo haisubiri kanuni."

Mwalimu alichomoa waya mwenyewe. Hakutulaumu, na afadhali angetulaumu. Nilishika chaki kwa hasira, nikaandika kanuni moja ubaoni: kitu chochote kikijitoa chenyewe, jibu ni sifuri. Ofisa aliisoma yote, akavaa kofia, akatoka. Dereva akamfuata, mikono imejaa kompyuta, akaufunga mlango kwa kisigino.