Moyo wa Mzee wa Fungurume

Manesi wa hospitali yetu ya Kolwezi walinipa jina la Docta Juu ya Nini, kwa sababu sikuweza kupita mbele ya jambo bila kudai sababu yake. Kitabu kikisema dawa inywewe mara tatu kwa siku, nauliza nani alihesabu. Padri wetu alishaanza kunikimbia. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, namkagua mkunga.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza miaka ya kusomea utaalamu wa magonjwa ya ndani. Ulibaki mtihani wa mwisho, mbele ya maprofesa, kule Lubumbashi. Lakini faili halikutoka Kolwezi bila sahihi ya mkuu wetu wa idara, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye madaktari wenye ndevu walimwogopa. Alinipa wiki moja nimchunguze mgonjwa mmoja, kisha nimweleze. Nikishindwa, nangoja mwaka mwingine.

Mungu, ambaye bado nilikuwa namfanyia uchunguzi, akaniletea mzee wa Fungurume.

Kila daktari aliyepita kwetu alimjua. Zamani aliendesha malori ya mgodi. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imesinyaa na kutoa mngurumo safi, wa vitabuni. Wanafunzi walikuwa wamemsikiliza kwa miaka mingi, mpaka yeye mwenyewe akawa mwalimu. Jumatatu ile nilimkuta kwenye foleni ya kliniki, nikamshika mkono, nikampeleka moja kwa moja hadi kitanda cha wodini.

"Lala ubavu wa kushoto, tata."

"Ninajua," alisema, ameshalala. "Shusha chombo yako kidogo, docta. Paka pale, pale tu. Unasikia? Lori inapanda mulima na gia, vitesi ya pili."

Nilichukia. Jibu la kupewa si jibu. Nilitaka kuupata ugonjwa ule kwa masikio yangu mwenyewe, kana kwamba hakuna aliyewahi kuusikia.

"Tata, usiniambie kitu."

"Lakini docta, mi nilikuya juu ya..."

"Kimya, tata. Ninasikiliza."

Ikawa hivyo wiki nzima. Kila alipofungua mdomo, niliinua kidole. Jambo moja tu lilinikera: akilala ubavu wa kushoto, nikimwambia ashike pumzi, anaendelea kupumua kwa raha zake. Nilipaza sauti mpaka wodi nzima ikashika pumzi, isipokuwa yeye. Nikaandika: uzee.

Ijumaa mkuu alikuja. Nilieleza moyo ule kwa muda mrefu, nikabishana na vitabu viwili njiani. Mzee aliitikia kwa kichwa kila nilipofika mahali sahihi. Nilishaanza kufikiria nitavaa shati gani Lubumbashi.

"Muzuri sana," alisema mkuu. "Na alikuya juu ya nini?"

Nesi mmoja alikohoa. Mwingine akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Juu ya... moyo, mama."

"Ile moyo iko nayo tangu weye ungali mu shule ya musingi. Siku ya kwanza, alikuya juu ya nini?"

Nilimgeukia mzee. Alikitazama kwanza kidole changu, kuona kama kitapanda.

"Sema, tata."

"Sikio," alisema. "Ya kuume. Inaziba tangu juma mbili. Mi nilizani docta anaanzia mbali."

Mkuu alifunga faili langu bila kusaini.

Nilichukua maji ya uvuguvugu na bomba la sindano, nikaliosha sikio lile. Ikatoka nta nyeusi, kubwa kama haragwe. Mzee aliigeuza kiganjani. Siku hizi anaishi na binti yake Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambako watu wamechimba kobalti hata chini ya vyumba vyao vya kulala.

"Kumbe! Tunatoboa nyumba, na mali iko mu kichwa yangu!"

"Unasikia sasa, tata?" nilipaza sauti.

"Docta, makelele ya nini? Ni vile unasemaka kila siku?"

Nilipompelekea habari ofisini, mkuu alikuwa ameshashika kalamu. Akaiweka chini.

"Na sikio ingine?"

Nilirudi wodini mbio. Mzee alikuwa anafunga viatu. Aliponiona alivivua, akapumua kwa nguvu, akalala ubavu wa kushoto.

"Hapana, tata. Leo lalia ubavu wa kuume."

Alinitazama kwa hofu ya kweli. "Moyo imehama?"

Sikio la kushoto, lile alilolilalia wiki nzima, lilikuwa safi. Sahihi niliipata kabla ya chakula cha mchana.