Klachi ya Vidonge vya Shaba

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda msinilaumu, nayaandika yanavyonijia. Nataka kusema habari ya klachi na habari ya mke wangu wa kwanza. Nimejaribu kuzitenganisha, nimeshindwa.

Nilikuwa fundi wa magari pale Mafiga, mjini chini ya mlima. Kabla ya ruksa ya kuleta bidhaa toka nje hatukuchagua klachi. Ikiisha, tunang'oa ile sahani, tunakata laini za breki za lori, yale magamba magumu yanayosugua, kwa msumeno, tunazipigilia juu yake kwa ribiti. Gari linaondoka kwa kuruka kama mbuzi na mwenyewe anashukuru. Halafu biashara ikafunguliwa, vitu vikaja: mitumba, redio, sabuni za harufu tulizokuwa tumezisahau. Mke wangu aliipenda ile ya waridi. Mpaka leo nikiisikia dukani natoka nje kidogo, najifanya natafuta kitu mfukoni.

Basi, mwalimu mmoja wa chuo kikuu akaleta gari kutoka Japani. Jekundu, la watu wawili, fupi, injini mgongoni. Kwenye injini kuna pampu inayozungushwa na mkanda, kazi yake kushindilia hewa ndani ili injini ipate nguvu kupita umbo lake. Ugonjwa wake ulikuwa klachi: ukikanyaga mafuta injini inalia, gari linatambaa, harufu ya kuungua inajaa. Klachi ilikuwa imezidiwa na ile pampu.

Wakati huo mke wangu alikuwa amerudi kwao Kinole, mlimani, mwezi wa pili tangu aondoke. Kosa lilikuwa langu. Kwetu Uluguru shamba ni la ukoo wa mama. Mume anapanda mlimani kulima kwa mkewe, na mjomba wa mke ndiye mwenye neno. Misimu miwili sikupanda kufyeka. Nilikuwa nasema kesho, kesho, nimelala chini ya magari ya watu. Mjomba wake akatuma salamu kwa akina mama wanaoshusha ndizi sokoni: Ijumaa, kabla ya swala, nifike tuyamalize. Nisipofika watajua nimejibu.

Nikamwambia yule mwalimu kuwa Ijumaa sitakuwepo kazini, na sababu yake. Akasema, "Tufunge klachi Alhamisi, Ijumaa tukalijaribie hukohuko mlimani. Nikupeleke kwa wakwe."

Hapo ndipo nilipoharibika. Nikajiona nashuka kwenye gari jekundu, mjomba amesimama mlangoni, mke wangu anachungulia nyuma ya pazia. Sikuwaza jembe hata kidogo.

Tukaenda duka la spea mjini. Muuzaji akaweka maboksi matatu juu ya meza.

"Hii ni kama iliyotoka na gari," akasema. "Laini sana. Na hiyo pampu yenu, itateleza tena. Hii ya pili diski ni ileile ila springi kali zaidi. Mguu utachoka, lakini inaondoka taratibu. Mimi ningechukua hii."

"Na ya tatu?"

"Hiyo ya mashindano. Ina vidonge vya shaba. Haitelezi hata ukiifunga kwenye treni."

"Basi hiyo."

"Fundi, hiyo haina kati. Imeachia au imeng'ata."

"Sasa klachi kazi yake si kung'ata? Au inalipwa kubembeleza?"

Mwalimu akacheka. "Mimi nafundisha mimea," akasema. "Fundi ni wewe."

Nitasema ukweli. Mtu aliyepigilia ribiti miaka yote ile, ukimwekea vitu vitatu mezani, atachukua kilicho kigumu kuliko vyote. Hatukujua kuchagua. Tulijua kukosa, halafu kushika sana.

Ijumaa asubuhi tukaondoka, usukani nimeshika mimi. Barabara kubwa ilikwenda vizuri, gari linavuta mpaka shingo inarudi nyuma. Lakini kupanda Kinole mvua ilikuwa imenyesha, na kilima kile kinataka uliachie gari kidogo kidogo, mguu nusu juu nusu chini, unalibembeleza kwenye utelezi. Klachi ya shaba haikuwa na nusu. Nikiachia, magurudumu yanazunguka, linazama. Nikirudi nyuma na kujaribu tena, linaruka. Mara ya nne au ya tano likashika jiwe na nguvu zote zikaenda mahali pamoja. Pakalia pah. Shafti ya kulia, ile inayozungusha gurudumu, imekatika.

Mwalimu akashuka, akaangalia chini ya gari, akaniambia, "Nenda, kaka. Mimi nitatafuta watu wa kulisukuma."

Nikapanda kwa miguu. Nilisikia adhana ya Ijumaa nikiwa bado kwenye migomba, chini kabisa.

Nilipofika watu walishatoka msikitini. Mjomba alikuwa ameketi barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tumesikia una gari."

"Si langu."

"Hata hilo tumesikia."

Mke wangu akaniletea maji ya kunawa na wali, sahani imefunikwa kawa, kwenye kiti cha mgeni. Ndani ya nyumba ile nilikuwa nakula jikoni naye, chungu katikati yetu. Aliangalia viganja vyangu vyeusi kwa grisi. "Hata leo," akasema, akaingia ndani. Mjomba akaniuliza mbele ya watu kama nina mke au nina magari, na mimi kwa aibu nikatoa talaka. Moja. Maana yake nilikuwa na miezi mitatu, edda yake, ya kumrejea kwa neno langu tu.

Sasa sikilizeni ujinga. Nilitaka kumrejea kwa gari lilelile. Nilitaka wanione nimefika. Nikaitoa ile klachi ya shaba, nikafunga ile ya pili, ya muuzaji, na nikasubiri shafti iagizwe. Dar hawana. Wiki ijayo. Wiki ijayo. Nikawa kila asubuhi nauangalia mlima toka Mafiga, mawingu yamekaa juu yake, nasema likipona tu.

Lilipopona mwalimu akaniazima, likapanda kile kilima polepole, bila kuruka, mguu wangu unalisikia lote. Laiti lingepanda hivyo siku ile. Nikasimama uwanjani kwao, mdalasini umeanikwa juani, harufu imejaa. Akatoka yeye mwenyewe.

"Edda imekwisha Jumatatu," akasema.

"Najua. Nimekuja tufunge upya."

"Nimeshaposwa. Mtu wa Dumila, anauza vitunguu." Akaliangalia gari muda mrefu. "Miezi yote hiyo ulikuwa unasubiri nini?"

"Shafti."

Akacheka, kicheko chake kilekile, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Na miguu?"

Nikageuza gari.

Hivi sasa nikisafiri kwenda Dodoma, basi linasimama Dumila, watu wananyanyua vitunguu madirishani. Najua atakuwa mzee kama mimi. Lakini huwa nakaa dirishani upande wa wauzaji, na nanunua, hata kama nyumbani vipo.