Taa ya Kikanisa cha Shule

Masista walipoondoka, shule ya wasichana ilipata mwalimu mkuu wake wa kwanza mlei: mwalimu wa hesabu, mama mtu mzima mwenye mume na wajukuu, ambaye wageni wakishatoka ofisini huvua viatu na kuvaa kandambili. Ofisi aliipokea bila taabu. Kilichomkosesha raha ni kikanisa cha mwisho wa varanda, chenye tabernakulo, kisanduku cha shaba cha kuhifadhia mkate wa Ekaristi, na taa nyekundu ambayo masista hawakuiacha izimike.

Paroko, aliyebaki na ufunguo wa tabernakulo, hakumficha.

"Mama, Ekaristi haihifadhiwi mahali pasipo na watu wa kusali. Siku ya kufunga muhula nitakuja. Nikikuta chumba kitupu, nitaihamishia parokiani."

Katika chumba cha walimu habari ilikwisha kumtangulia.

"Dada, si tupafanye chumba cha kompyuta?" alisema mwalimu wa fizikia. "Au shemeji ameambiwa kwamba sasa ameoa sista?"

"Shemeji yako amenizoea. Wewe lete mafuta ya taa. Maneno unayo ya kutosha."

Mwanzoni alisali kila asubuhi kama masista walivyosali, kwenye kiti chao cha mbele, kwa wimbo. Sauti hakujaliwa. Wasichana waliuma midomo wasicheke, na haukupita muda mabenchi yakabaki matupu. Akaacha kuimba. Akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, akasali kimya. Aliyekuwa na shida naye, alipomkosa ofisini, alimfuata huko. Akapiga magoti kando yake kwanza, ndipo akaeleza. Hakuna aliyeamuru hivyo. Yakawa mazoea tu.

Siku ya kufunga muhula paroko alifika, kitambaa cheupe cha kubebea Ekaristi kikiwa mkononi. Mpishi alikuwa amepiga magoti na aproni yake. Wasichana wawili waliogombana bwenini walikuwa wakipangusa machozi mbele ya mwalimu mkuu. Nyuma yao alikaa mwalimu wa fizikia, na kichupa cha mafuta.

"Padre, foleni inaanzia huku," alinong'ona.

Paroko akapiga magoti nyuma yake. Zamu yake ilipofika, kitambaa kilikuwa kimekwisha kurudi mkobani. Alitoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwalimu mkuu.

"Mafuta yasikatike, mama."

"Fundi wa mafuta huyo hapo," alijibu, akimwonyesha mwalimu wa fizikia. "Haya, Padre, wewe ulikuja na shida gani?"