Neno Lililobadilika Katika Wimbo wa Kusagia

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala bondeni na Mwalimu Cornelia anafuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Wasichana wa darasa la sita wanaingia wamejitanda shuka, maana baridi ya Ufipa mwezi huu wa Juni inafika mifupani.

“Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu.”

“Milele na milele, amina. Kaeni.”

Somo ni insha ya uchambuzi. Katika shule hii ya misheni, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, vitabu vya mashairi ni vichache, msichana mmoja na wenzake wanne hugawana kimoja. Kwa hiyo Cornelia huwachambulisha nyimbo wanazozijua, akizitafsiri kutoka Kifipa.

Wengi huanza kwa kuusimulia wimbo upya, na yeye huwarudishia madaftari.

“Wimbo naujua,” huwaambia. “Sema unaamini nini juu yake. Nionyeshe neno linalokufanya uamini hivyo. Halafu nieleze neno hilo linafanya kazi gani pale lilipo.”

Mwezi uliopita aliandika ubaoni wimbo ambao wanawake wa Ufipa huimba wakisaga ulezi. Ubeti wa kwanza unasema:

*Nasaga wa kwake, nasaga wa kwangu,*
*mume wangu anapenda uji wa moto.*

Na wa mwisho:

*Nasaga wa kwangu, jiwe linanguruma,*
*mume wangu alipenda uji wa moto.*

Miaka yote Cornelia alifundisha kwamba huo ni wimbo wa matumaini, wa mke anayemngoja mumewe. Alikuwa na sababu yake. Mume wake, Flavian, aliondoka miaka minane iliyopita, mwaka 1946, pamoja na manamba, vibarua wa mkataba waliokwenda kukata mkonge Tanga. Wenzake walirudi mkataba ulipokwisha. Walisema walimwacha akiumwa kifua, na baada ya hapo hakuna aliyemwona. Kila alipoulizwa, Cornelia alijibu kwamba mumewe yuko Tanga.

Siku ya kusoma insha, alisimama Bertilla, msichana mgeni kutoka Chala. Alisoma taratibu, bila kuinua macho. Alisema anaamini mume wa kwenye wimbo amekufa, na mkewe anajua. Mwanzoni mama yule anasaga kwa ajili ya watu wawili, mwishoni anasaga kwa ajili yake peke yake. Mwanzoni mume anapenda uji, mwishoni alipenda.

“Hakuna mahali anaposema amekufa,” alisoma Bertilla, “kwa sababu hawezi kulitamka neno hilo. Amebadilisha neno moja tu, akaendelea kusaga.”

Wasichana walimtazama mwalimu wao. Wote walijua habari za Flavian isipokuwa Bertilla. Cornelia alimwambia akae, akamwita mwingine. Anasema hakusikia hata sentensi moja ya yule aliyefuata.

Mchana Bertilla alimfuata nyuma ya darasa, macho mekundu. Wenzake walikuwa wamemweleza. Akapiga goti, akaomba radhi, akaomba arudishiwe insha yake aiandike upya, safari hii mume wa kwenye wimbo arudi nyumbani salama.

Cornelia anakiri kwamba alitamani kumkubalia.

“Neno la wimbo limebadilika tangu asubuhi?” alimuuliza.

“Hapana, mwalimu.”

“Basi usilifute la kwako.”

Alimpa alama ya juu ambayo hajawahi kumpa mwanafunzi mwingine. Kisha akaenda kwa mama mkwe wake, Bibi Agnesi, anayeishi upande wa pili wa kijito. Alimkuta anapepeta ulezi. Akamsalimu, akakaa chini. Alisema, “Mama, nadhani Flavian hayupo tena.”

Bibi Agnesi hakuacha kupepeta.

“Mimi nilishamlia, mwanangu,” alisema. “Nilikuwa nakungoja wewe.”

Walilia pamoja mpaka jua likaanza kushuka. Jirani walipokuja kuuliza kuna nini, Bibi Agnesi aliwajibu kwamba wana msiba.

Misa ya kumwombea Flavian itasomwa Jumamosi hii. Hakuna kaburi, na Cornelia anasema hilo ndilo linalomuuma zaidi: hajui ni udongo gani uliomfunika. Shamba la mumewe, ambalo amelilaza miaka yote akisema mwenyewe atalilima akirudi, watalilima yeye na Bibi Agnesi mvua zikianza.

Darasani anaendelea na kazi. Bertilla atafanya mtihani mwisho wa mwaka, na mwalimu wake anataka aende chuo cha ualimu. Tangu siku ile, msichana huyo amekuwa mwoga wa kuandika, insha zake zimekuwa fupi na za kumpendeza kila mtu. Kwa hiyo kila jioni masomo yakiisha, Cornelia anakaa naye kwenye dawati moja na kumpa wimbo mwingine.

“Nataka atoke hapa akijua kwamba alisema kweli,” anasema, “na kwamba aliyeumia kwa kweli hiyo alimshukuru.”