Suti Yangu Iliyofungwa Jela

Mwanangu, acha nianze na aibu yenyewe: suti yangu ya kijani ilifungwa jela hapa Durban, na mimi ndiye niliyeituma. Cheka tu, hata mimi nacheka. Shule niliiachia katikati, lakini kwa mambo ya kuvaa nilijiona profesa.

Nakumbuka ilikuwa ile miaka ya tisini mwishoni, ubaguzi umeshafutwa, tunaambiana sasa sheria iko moja. Rafiki yangu Faustin, kinyozi wa Isipingo, polisi walimkamata ufukweni na bangi kidogo. Pale pale wakamkamata kijana mzungu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Westville, na bangi kama ile ile. Wote wakaachiwa wasubiri kesi. Mke wa Faustin alikuwa karibu kuzaa.

Sisi Wakongo tunajua mtu anaheshimiwa kwa nguo. Asubuhi ya korti nikamvalisha mwenyewe: suti yangu, viatu vya ngozi ya mamba, manukato mpaka askari wa mlangoni akapiga chafya.

Mzungu aliitwa kwanza. Kaptula, kandambili, nywele hazijachanwa. Nikamnong'oneza Faustin kwamba huyu kwisha. Kumbe hakimu akamwangalia kama mwanawe, akasema ana maisha mbele yake, aende nyumbani, asirudie. Nikafurahi kabisa. Kama kandambili zinarudi nyumbani, suti si itasindikizwa na askari?

Ikasindikizwa kweli. Hakimu aliitazama, akauliza, "Kinyozi anapata wapi nguo kama hizi?"

Miezi sita.

Maisha ya Faustin yaliyo mbele hakuna aliyeyataja, na mkewe amekaa pale, mikono juu ya tumbo. Nilibaki kwenye benchi mpaka mfagiaji akasema, eish, baba, tunafunga. Miezi yote ile nilijiambia, laiti ningemwacha na shati lake la kazi.

Mwanangu, likikukuta, tafuta wakili kabla ya kutafuta koti. Na ukiona kosa moja limepewa adhabu mbili, usipekue nguo za aliyefungwa. Sema wazi ulichokiona, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akupe hakimu atakayekuona mtu. Hakimu huyo akichelewa, Mungu akupe rafiki kama Faustin.

Maana siku aliyotoka, suti imempwaya, anakwenda kumwona mtoto kwa mara ya kwanza, nilimpigia magoti nikaomba msamaha. Akaniinua, akanipangusa vumbi.

"Ndugu, hata ningevaa kaptula ya yule mzungu, hakimu angeuliza nimeiiba wapi."